Maswali ya Wasomaji: Simu moja, wanafunzi 48, na Kifaransa cha Kibo na Mawenzi

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, simulizi za kidijitali katika kufundisha Kifaransa: mwanafunzi anatunga hadithi fupi, anaisoma kwa sauti yake mwenyewe, anaiwekea picha chache, na mwishoni anapata kazi ya dakika mbili au tatu ambayo mwenzake anaweza kuitazama na kuisikiliza. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua tano, na ya kwanza nitakaa nayo kwa muda mrefu kwa kuwa anayoyaeleza mwandishi wake ndiyo hali ya walimu wengi wa Arusha na Kilimanjaro.

Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kifaransa kidato cha pili katika shule ya serikali. Darasa lina wanafunzi 48, projekta ya shule iliharibika tangu mwaka jana, na wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu. Chombo pekee nilicho nacho ni simu yangu mwenyewe. Je, hayo uliyoyaandika yanawezekana kwangu, au ni mambo ya shule za kulipia? — Mwalimu, Usa River

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Yanawezekana, tena hiyo simu moja ina faida yake, kwa sababu inawalazimu wanafunzi kuimaliza kazi ya lugha kabla hawajakifikia chombo. Nimewahi kuingia darasa lenye vishikwambi vya kutosha ambamo watoto walimaliza vipindi vitatu wakichagua rangi za maandishi na muziki wa kuanzia, na Kifaransa chote kilichopatikana humo kilikuwa « Bonjour, je m'appelle ».

Hata walioianzisha kazi hii hawakutanguliza mashine. Mwaka 1994, huko San Francisco katika jimbo la California, Joe Lambert, aliyetoka katika kazi za maigizo, na msanii Dana Atchley walikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha kuwafundisha watu wa kawaida kusimulia maisha yao kwa kutumia kompyuta, na baadaye kituo hicho kilihamia Berkeley. Katika warsha zao watu huketi kwanza kwa duara, kila mmoja akasimulia kwa mdomo huku wengine wakisikiliza na kuuliza. Ndipo wanapoandika, wakarekodi, na kushughulika na picha mwishoni. Sisi tuliokulia jikoni kwa bibi tukiitikia « Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea » duara hilo tunalifahamu. Tatizo ni kwamba tukiingia darasani tunaliacha mlangoni.

Kwa hiyo anza na hadithi ambayo darasa zima linaijua. Mimi hutumia ile ya Wachaga ya Kibo na Mawenzi. Masimulizi yanatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini kiini ni kimoja: Mawenzi hakuwa na moto, akaenda kuomba kwa Kibo aliyekuwa akitwanga ndizi kavu, alipopewa akarudi tena na tena, mpaka Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi. Ndiyo maana, wasemavyo wazee, Kibo yenye mita 5,895 imetulia na theluji yake, na Mawenzi yenye mita 5,149 imebaki na kichwa kilichovunjikavunjika. Asubuhi isiyo na mawingu ushahidi wote unaonekana kutoka dirishani, na hiyo ni zana ya kufundishia isiyohitaji umeme.

Faida ya hadithi hii ni kwamba inamkabili mwanafunzi na jambo gumu kuliko yote katika kusimulia kwa Kifaransa, yaani kuchagua kati ya nyakati zake mbili za mambo yaliyopita, *imparfait* na *passé composé*. Vitabu vingi hulieleza jambo hili kwa kupitia Kiingereza, na mtoto anabaki amebeba mizigo miwili, ilhali Kiswahili chake mwenyewe kina njia iliyo karibu zaidi. Mwandikie ubaoni: « Kibo alikuwa akitwanga ndizi kavu. Mawenzi akaenda, akaomba moto, akarudi kwake. » Kisha muulize ni vitenzi gani vinavyoisogeza hadithi mbele na ni kipi kinachochora tu mandhari. Atakuonyesha zile *-ka-* bila kusita. Basi *-ka-* inayosogeza mambo inakwenda kwenye *passé composé*: « Mawenzi est allé chez Kibo, il a demandé du feu et il est rentré chez lui. » Na ile « alikuwa aki- » ya mandhari na mazoea inakwenda kwenye *imparfait*: « Kibo pilait des bananes sèches. » Uwe mwangalifu na *-li-* ikiwa peke yake, kwa maana hiyo inaweza kwenda kokote. « Bibi aliuza ndizi » ni *vendait* ikiwa ndiyo iliyokuwa kazi yake kila siku ya soko, na ni *a vendu* ikiwa unazungumzia jana asubuhi. Hapo mwanafunzi hana budi kurudi kwenye hadithi na kujiuliza alikusudia kusema nini, na swali hilo hujibiwa kwa kuifikiria hadithi yenyewe, kwani kanuni peke yake haimtoshi.

Gawa darasa katika makundi manane ya watu sita. Kila kundi liandike sentensi 12, kila mwanafunzi asome mbili kwa sauti yake, na hadithi isizidi dakika moja na nusu. Michoro wachore kwenye karatasi nyeupe kwa kalamu nzito, uipige picha karibu na dirisha kukiwa na mwanga wa kutosha. Kurekodi usikufanye wakati wa kipindi: chukua makundi mawili kila siku baada ya masomo, dakika 20 kwa kila kundi, na kwa siku nne utakuwa umemaliza. Usihofie nafasi ya kuhifadhi, kwa kuwa sauti ya MP3 ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti moja kwa dakika, hivyo makundi yote manane hayatazidi megabaiti 12. Bando halihitajiki kabisa. Ziko programu za bure za kuunganisha picha na sauti kwenye simu, lakini zikikusumbua ziache. Siku ya maonyesho kundi linaweza kusimama mbele na kuinua michoro mmoja baada ya mwingine huku sauti yao ikitoka kwenye spika ndogo ya kuchaji. Nimeona hivyo kukipendeza kuliko video.

Mahali pa kurekodia ndipo pa kuangaliwa zaidi. Darasa lenye bati halifai, hasa masika. Katika shule niliyofundisha mwisho chumba bora kuliko vyote kilikuwa stoo ya mahindi, kwani magunia hunyonya mwangwi, na tulikuwa tukiiweka simu juu ya gunia moja, msomaji akiketi juu ya jingine. Msichana mmoja alikuwa na sentensi fupi: « Il a pris son pilon », yaani Kibo alichukua mchi wake. Mara ya kwanza alisoma « ila prisi sono piloni », kila konsonanti ya mwisho akiipa irabu yake kama tulivyozoea katika Kiswahili. Nilimrudishia sauti aisikilize. Hakunisubiri nimsahihishe, aliziba uso kwa viganja, akacheka, akasema, « Naomba nirudie, Mwalimu. » Alirudia mara tisa. Katika mara ya sita ile *s* ya *pris* ilikwisha kupotea. *Son* ilimchukua hadi ya tisa, alipoiacha sauti ipite puani bila ncha ya ulimi kugusa meno. Katika miaka yote niliyofundisha ubaoni sikupata kumwona mtoto akirudia sentensi moja mara tisa kwa hiari yake, na mpaka leo hiyo ndiyo sababu yangu kuu ya kuitetea kazi hii.

Jambo moja la mwisho kwako: usiku wa siku hiyo hiyo nakili kila kitu kwenye flashi. Mwaka mmoja nilipeleka simu kwa fundi kubadilishiwa kioo, akairudisha ikiwa safi kama imetoka dukani, kioo na kumbukumbu pamoja.

Mwalimu, shule yangu ina kompyuta na intaneti. Shida ni kwamba wanafunzi huandika hadithi kwa Kiswahili, wanaitia kwenye programu ya kutafsiri au ya akili mnemba, na kuniletea Kifaransa kilichonyooka kuliko changu. Nizizuie? — Mwalimu, Moshi mjini

Ukizizuia shuleni watazitumia nyumbani, nawe utageuka askari badala ya mwalimu. Mimi ningeziweka mezani na kuzichunguza pamoja nao, maana makosa yake ni somo zuri.

Kijana mmoja alipata kuniletea simulizi ya bibi yake aliyekuwa na shamba la kahawa. Sentensi ya kwanza ilikuwa sawa: « Ma grand-mère avait un champ de café. » Ya pili ilianza « Il est allé à Moshi », na ghafla bibi amekuwa mwanamume. Sababu ni nyepesi: Kiswahili kinasema « alikwenda » bila kutuambia ni mume au mke, Kifaransa hakina ruhusa ya kunyamaza hivyo, na mashine isipoiangalia sentensi iliyotangulia hubahatisha. Hata kitenzi kilikuwa na kasoro. Bibi huyo alikuwa akienda mjini kila mwisho wa mwezi kufuatilia malipo ya kahawa yake, kwa hiyo ilipaswa kuwa « Elle allait ». Tena « ndugu » ilikuwa imetafsiriwa *frère*, yaani kaka, kumbe alikuwa mtoto wa mama mdogo, ambaye Mfaransa humwita *cousin*. Nilimwomba kijana anieleze kwa mdomo bibi yake alikuwa akienda mjini na nani. Katika kunieleza aliyagundua makosa yote matatu, na la nne ambalo mimi sikuliona.

Kwa hiyo dai vitu viwili. Kwanza, rasimu ya mkono, hata ikiwa mbovu, iandikwe darasani kabla ya kompyuta kuwashwa. Pili, sauti iwe ya mwanafunzi mwenyewe. Hapo ndipo tafsiri ya kuazima huumbuka, kwa maana mtoto wa kidato cha pili aliyepewa na mashine « Bien qu'elle fût épuisée » (ingawa alikuwa amechoka sana) hataweza kuitamka, na akiulizwa maana yake atatazama dari. Mwambie abakize maneno anayoweza kuyasema. Simulizi yake itapungua kutoka maneno 250 hadi 140, nayo itakuwa yake.

Zile sauti za kompyuta zinazosoma maandishi zina kazi nzuri ya kuwa kielelezo: mwanafunzi asikilize sentensi mara mbili, kisha azime na kusema mwenyewe. Kuziachia zisome simulizi nzima badala yake ni sawa na kumtuma mtu mwingine akakuolee.

Mimi ni mwongoza watalii, umri miaka 34, ninajifunza Kifaransa peke yangu. Maneno ninayo, lakini wageni huniomba nirudie. Nimenunua hedifoni. Nifanye nini zaidi? — Sakina, Arusha

Ndugu yangu, hedifoni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kinasa sauti kilichomo tayari kwenye simu yako.

Nadhani ninaijua shida yako, kwa sababu ndiyo ya wengi wetu. Kiswahili kina irabu tano, na Kifaransa kina zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo sikio letu huzikusanya irabu ngeni na kuziingiza kwenye vyumba vitano tulivyo navyo. Ile *u* ya Kifaransa tunaisikia kama *u* yetu, ambayo wao huiandika *ou*. Katika gari lako hilo si jambo dogo. Chui amelala juu ya tawi, nawe unataka kusema « au-dessus de la branche », lakini mdomo wako unatoa « au-dessous », yaani chini yake, na wageni sita wanashusha kamera kutafuta kwenye majani. Sema *i* ya Kiswahili kwa kuivuta, kisha, bila kuusogeza ulimi hata kidogo, kaza midomo kama unayepuliza chai ya moto. Sauti itakayotoka ndiyo hiyo. Jirekodi ukisema *dessus, dessous, dessus, dessous*, kisha sikiliza kesho yake, si palepale, kwa kuwa palepale sikio bado linakumbuka ulichokusudia kusema na litakudanganya.

Kuhusu *r* usijisumbue. Ukiitamka kwa ncha ya ulimi kama tunavyosema « rafiki » utaeleweka bila shida.

Baada ya hapo tengeneza simulizi zako za dakika moja moja kwa picha ulizozipiga mwenyewe: mbuyu wa Tarangire, boma, ukingo wa Ngorongoro asubuhi kabla ukungu haujainuka. Andika, soma, rekodi, futa, rudia. Ukizikusanya 20 utakuwa na maelezo ya safari nzima yaliyokwisha kulainika mdomoni. Kwa kusikiliza, redio ya Ufaransa ya RFI ina taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, na televisheni ya TV5MONDE ina mazoezi ya bure mtandaoni yaliyopangwa kwa viwango. Ipakue taarifa hiyo nyumbani kabla hujaingia porini.

Usidhani wateja wako wote watatoka Ufaransa. Mji wetu umezoea Kifaransa kwa muda mrefu: mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hapa kwa Kifaransa na Kiingereza hadi 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliipokea Burundi mwaka 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Mgeni wa Kinshasa au Bujumbura akikutajia *septante* na *nonante*, hizo ni 70 na 90, ambazo Mfaransa wa Paris huziita *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Zizoee zote mbili kabla ya kuanza kuzungumzia bei.

Mwalimu wa binti yangu ameweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi video ya watoto wakisimulia maisha ya nyumbani kwa Kifaransa. Binti yangu ameeleza ugonjwa wa baba yake. Ninajivunia Kifaransa chake, lakini sikupenda. Je, ninakosea? — Mama, Soweto, Moshi

Hukosei, mama. Pole kwa ugonjwa huo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na hata kama sheria isingekuwapo, siri ya nyumba ni ya wenye nyumba. Mwendee mwalimu kwa upole, mwombe aiondoe, naye pengine atashukuru kuambiwa ana kwa ana kuliko kusomewa kwenye kundi. Ningemshauri pia awaombe wazazi ridhaa ya maandishi kabla ya kurekodi, atumie michoro badala ya nyuso, na awape watoto uhuru wa kusimulia ya mtu wa kubuni. Mtoto anayejifunza lugha mpya hueleza yale anayoyapatia maneno, na neno *malade* (mgonjwa) hufundishwa mapema mno, hakukusudia kuwaanika. Kwa hiyo binti asigombezwe.

Nipo kidato cha nne na mjomba wangu atanilipia mtihani wa DELF A2. Je, kutengeneza simulizi kwenye simu kutanisaidia au nitapoteza muda wa kusoma? — Mwanafunzi, Himo

Kutakusaidia katika sehemu moja waziwazi. DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa kwa wageni ambao A2 ni ngazi yake ya pili kutoka chini, hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila eneo likiwa na alama 25. Ili ufaulu unahitaji jumla ya 50 kati ya 100, na usipate chini ya 5 katika eneo lolote. Kuzungumza kwa A2 kuna hatua tatu: kwanza unajitambulisha na kujibu maswali, kisha unazungumza peke yako kwa takribani dakika mbili juu ya mada uliyochagua kwa kuokota karatasi, halafu mnaigiza mazungumzo, kama vile ya dukani. Hiyo hatua ya pili ndiyo inayofanana na simulizi yako.

Ila kuna hatari. Simulizi ya kurekodi inasomwa kutoka kwenye karatasi, na kwenye mtihani huna karatasi iliyoandikwa sentensi nzima. Mtahini huutambua upesi usemi uliokaririwa. Kwa hiyo, ukishamaliza kurekodi ukisoma, lifunike daftari, weka mbele yako zile picha tu, na urekodi tena ukizitazama. Utakwama, utarudi nyuma, utasema « euh » mara nyingi, usifute. Linganisha rekodi hizo mbili, na yale maneno yaliyokuwamo katika ya kwanza na kukosekana katika ya pili ndiyo bado hujayajua. Yaandike. Fanya hivyo kwa mada tano: familia, shule, safari, chakula, na siku ya soko hapo Himo, ambayo naamini utakuwa na mengi ya kuisemea.